Udongo wa Mtani

Hadithi hii ilistahili kuanza na "hapo zamani za kale," kama zinavyoanza hadithi za watu wenye heshima zao. Lakini katika nchi ya Marejeo, ambako ndiko tunakokwenda, zamani za kale ni mali ya serikali na mtu hazitumii bila kibali. Basi na tuanze na juzijuzi tu, ambayo haina mwenyewe.

Juzijuzi hiyo palikuwa na mzee akiitwa Mwinjuma, mkulima wa mpunga katika kijiji cha Topeni, kule chini ambako mto unachoka na kujilaza. Mpunga wake ulikuwa mrefu, na maneno yake yalikuwa marefu kuliko mpunga. Aliwahi kuapa kwamba alimwona kambale akipanda mnazi kwenda kugema, na shemeji zake wakatoka kwenda kuutazama mnazi. Wengine wote wa Topeni walimsikiliza kama wanavyosikiliza mvua wakiwa kitandani: kwa raha, bila kutoka nje kuhakikisha.

Topeni hawakujua samadi wala mbolea. Kila masika mto ulifurika ukawaachia tope laini, la rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, lenye chembe zinazometameta, na mtu akisahau fimbo yake shambani huikuta imechipua. Waliliita Zawadi ya Juu. Huko juu hakuna aliyewahi kufika. Bibi zao waliwaachia neno moja tu, kwamba watu wa milimani ni watani wao. Na mambo ya utani mnayajua: mtani akikutukana unacheka, akikuchukulia kitu chako unacheka, na hakuna baraza linalosikiliza kesi ya mtani.

Sasa masika yaliyopita mto ulileta mambo mengine. Tope lilikuwa jembamba, lina changarawe, na juu yake vilikuja vitu. Mgomba mzima na mkungu wake, ukisafiri wima kama bwana harusi. Kipande cha ua wa minyaa. Na kizingiti cha mlango, cha mti mgumu, kimechongwa nyota pembeni. Mwinjuma alikiokota hicho akakifanya kiti chake cha barazani. Wazee walikitazama wasifurahi. Mgomba waweza kung'oka kwa upepo, lakini kizingiti hakiondoki nyumbani kwa hiari yake.

Wakaamua apelekwe mtu huko juu, na wakamchagua Mwinjuma kwa kuwa magoti yake yalikuwa bado mazima, na hata akipotea hadithi zake wanazo. Apeleke kikapu cha mchele kwa shukrani, kisha aulizie, kwa adabu, kama Zawadi itaendelea kuja. Hilo la mwisho ndilo lililomtuma. Mchele ulikuwa wa kupambia. Mzee Pazi, mkubwa wa kijiji, alimsindikiza mpaka kivukoni akamwambia kwa sauti ya chini, "Bila lile tope, Mwinjuma, sisi ni vyura wenye majembe. Usirudi na hadithi. Rudi na jibu."

Safari yenyewe haina la kusimulia ila malengelenge.

Katika lango la Marejeo alikuta afisa aliyevaa ngozi ya mbuzi juu ya suruali iliyopigwa pasi. Afisa hakumuuliza jina wala atokako. Alimuuliza, "Umekuja kwenye zamani ipi?"

Mwinjuma alijibu kwamba yeye amekuja leo.

"Leo hatuna," alisema afisa, bila ubaya wowote, kama muuza duka aliyeishiwa chumvi.

Akamkaribisha akae, akamweleza. Nchi ya Marejeo iliwahi kuona mashamba yake yanaharibika, ikaamua kwa kauli moja kwamba mashamba yarudishwe yalivyokuwa zamani. Neno jema, na hapakuwa na mpinzani. Ugomvi ulianza pale mtu mmoja alipouliza: zamani ya lini? Wako waliosema zamani ya babu, enzi za matuta na ngazi za mashamba milimani. Wako waliosema hiyo ni zamani ya juzi, zamani yenyewe ni ya babu wa babu, milima ilipokuwa malisho matupu na ng'ombe. Na wako waliosema wote hao ni wageni tu, zamani ya kweli ni kabla ya mtu yeyote, ni msitu. Ikatungwa sheria: chama kitakachoshika enzi kitarejesha zamani yake juu ya milima yote, ila kwanza kifute ya mwenzake, maana zamani ya kweli haijengwi juu ya zamani ya uongo. Na enzi mpya huanza mawingu yanapotanda, kwa kuwa ndipo hazina inapofunguliwa.

"Yaani mnaichimbua milima," Mwinjuma aliuliza taratibu, "mvua zinapoanza?"

"Kwa bidii kubwa," alisema afisa, akampiga muhuri mkononi.

Jambo la kwanza aliloliona ndani lilimkausha mate. Katika mteremko mmoja watu walikuwa wanachomeka miche ya miti. Nyuma yao, karibu kabisa, watu wengine walikuwa wanaing'oa miche ileile na kuipanga vizuri pembeni. Alidhani ni maadui, kumbe wote wanalipwa na ofisi moja na wanakunywa maji kwenye kibuyu kimoja. Enzi ya Msitu ilikuwa ukingoni, mmoja alimweleza huku anaendelea kung'oa. Wapandaji walikuwa wanamalizia na wang'oaji wanatangulia, ili serikali isipoteze muda. Mwinjuma akauliza, na udongo je? Yule mtu akautazama udongo uliokuwa unateleza kati ya vidole vya miguu yake ukielekea mtoni, kama anayeulizwa habari za jirani asiyemfahamu.

"Udongo hauko kwenye wizara yetu," alisema.

Alipita vijiji ambavyo moshi unatoka jikoni lakini watu hawaonekani. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna mbwa aliyembwekea. Hatimaye, mbele ya nyumba moja, alisikia mtu akipiga chafya ndani ya kichaka. Akabisha hodi kwenye kichaka, maana hakujua adabu nyingine ya kutumia.

"Pita na njia yako," kichaka kilijibu kwa sauti ya mwanamke. "Mimi sipo."

"Mbona nakusikia, mama?"

"Basi usinisikie. Hii ni enzi ya kabla ya watu, na sheria inasema watu tusiwepo mpaka jua litue. Mimi na umri huu nashinda kwenye miiba, nasubiri niruhusiwe kuwapo. Wewe ni wa wapi usiyejua?"

Mwinjuma akasema yeye ni mtu wa Topeni, kule chini. Kichaka kikatikisika chote, na likachomoza kichwa cha mwanamke wa makamo, nywele zimejaa majani, macho yanacheka.

"Mtani!" alisema. "Wala tope nyie! Bado mnapumua? Bibi yangu alisema mna mapezi badala ya miguu, hebu vua kiatu nione."

Ndivyo Mwinjuma alivyofahamiana na Bi Nambua, mjane, ambaye tangu siku ile hakumwita kwa jina lake hata mara moja. Jua lilipotua na ukawa halali kuwapo, alimkaribisha ndani. Mwinjuma aliinua mguu juu, kama afanyavyo mtu anayeingia mlangoni, na mguu ukatua chini kwa ghafla akapepesuka. Mlango haukuwa na kizingiti.

Bi Nambua alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kizingiti kiliondoka masika yaliyopita, pamoja na nusu ya chini ya shamba la marehemu mumewe na migomba yake. Mvua moja tu. Watu wa Malisho walikuwa wameyasawazisha matuta yote ili ng'ombe wapite, na ng'ombe wenyewe hawakupatikana, ikabidi mbuzi wavalishwe pembe za kuazima. Halafu wakaja hawa wa Msitu. Marehemu alikichonga kizingiti kile mwenyewe, mwezi aliomwoa, akaweka nyota pembeni.

Mwinjuma aliona kiti chake cha barazani mbele ya macho yake kama kimewekwa pale mkekani.

Ili asikitazame, alitoa kikapu cha mchele. Bi Nambua aliupika, na nyumba ikajaa harufu ambayo, alisema, hajaisikia tangu alipokuwa mwari. Milima yao sasa ilitoa mtama mfupi wenye hasira. Alikula tonge la kwanza taratibu, la pili amefumba macho. Akauliza mchele huu unaota kwenye udongo gani.

Hapo Mwinjuma akajisahau. Mkulima akiulizwa habari ya udongo wake ni kama mzazi aliyeulizwa habari ya mwanawe. Akausifu: rangi ya kahawa, laini, unashikika kama unga wa maandazi, na una vijichembe vinavyometameta kama mtu amemwaga poda ya nyota. Alipofika kwenye nyota alijisikia mwenyewe, akanyamaza.

Bi Nambua alikuwa ameshusha tonge. Aliinuka akatoka kwa mlango wa nyuma na kurudi na ngumi imefumba. Aliifumbua mbele ya taa. Udongo wa rangi ya kahawa. Chembe zikametameta.

Akautazama udongo, kisha sahani ya wali kati yao.

"Kumbe ni shamba letu hili ninalokula," alisema Bi Nambua mwishoni. "Nikajiuliza, mbona ladha naijua."

Mwinjuma alitamani ardhi ipasuke, lakini katika nchi ile hilo lisingekuwa jambo geni. Alingoja matusi. Utani ndio uliomwokoa, maana Bi Nambua aliupeleka mkono kwenye sahani tena, akachota tonge kubwa kuliko yote, akasema, "Basi usinitazame. Huu ni wangu. Wewe kala mapezi yako."

Kulipokucha alimwonyesha ule udongo alikoutoa. Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta moja refu, limekingama mteremko, limepandwa matete. Juu yake udongo ulikuwa umelala salama, wa rangi ya kahawa na mnene. Chini yake palikuwa mifupa ya mlima. Tuta hilo lilikuwa limepona kwa hila. Enzi ya Malisho alifunga mbuzi juu yake akadai ni zizi. Enzi ya Msitu alilichomeka matawi akaapa ni pori. Lakini enzi ikigeuka tena wakaguzi wangekuja na kamba mpya, na matawi yale yalikuwa yamenyauka kiasi cha kumshangaza hata mkaguzi.

"Mimi sina chama," alisema. "Wa Matuta wenyewe wakishika, watalibomoa hili kwa kuwa halikuchimbwa na wao, ndipo wachimbe jipya palepale. Nataka waache tu. Waache mwaka mmoja, majani yashike. Lakini katika nchi hii, mtani, hilo halina wa kulisema. Kila mtu ana zamani yake."

Hakujua kwamba alikuwa anamwambia mtu mwenyewe. Katika Marejeo vyama vilikuwa vinalingana nguvu miaka yote, na sheria yao ilisema kura zikifungana uamuzi ni wa mgeni, yeyote atakayekuwapo nchini siku hiyo, kwa kuwa mgeni hana zamani pale na hawezi kupendelea. Akikosekana mgeni hunaswa mmoja mpakani. Asubuhi ileile wajumbe walikuja kwa Bi Nambua na machela, wakamwinua Mwinjuma akiwa bado na mswaki mdomoni.

Mkutano ulisimamiwa na Mheshimiwa Semboja, Mtunza Zamani Mkuu, mtu mnene, mpole, ambaye sauti yake ilikuwa kama ya anayembembeleza mtoto alale. Mwinjuma alikalishwa kiti cha juu, akasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kinywa chake kilivyozidi kubaki wazi.

Mzee wa Malisho alimleta shahidi, naye alikuwa upembe wa ng'ombe. Uliwekwa kwenye kiti, ukapewa maji, na ukaulizwa kama milima ilikuwa malisho. Ukimya wake ulihesabiwa kuwa ndiyo. Msemaji wa Matuta alilia machozi akimtaja babu yake, akaulizwa babu huyo alikuwa na matuta upande gani, akasema hajui, yeye amezaliwa mjini. Ilipofika zamu ya Msitu, msemaji wao alisimama, akanyamaza muda wake wote, kwa kuwa katika zamani yao hapakuwa na mtu wa kusema. Ukumbi ulimpigia makofi kuliko wote.

Kisha akasimama mjumbe mmoja msafi, aitwaye Kaniki, na hoja mpya. Alisema mabishano haya yamepitwa na wakati, kwani kipo kitu cha kale kuliko vyama vyote.

"Makorongo," alisema. "Bibi yangu alizaliwa akayakuta. Ndiyo yaliyodumu enzi zote bila kuguswa. Nani kati yetu ana jadi ndefu kuliko korongo? Kuyaziba ni kuwavunjia heshima waliotutangulia."

Watu waliguswa. Ikaelezwa kwamba korongo kubwa kuliko yote tayari limezungushiwa uzio, na yupo mlinzi anayelizunguka kutwa akinyofoa kila jani linalochipua ndani yake, lisije likapona.

Mwinjuma aliyashika magoti yake. Maisha yake yote alikuwa anawadanganya watu, naye hakuwahi kuthubutu kudanganya kiasi hiki.

Kura zikapigwa, zikafungana. Wakapumzika wanywe uji, na Mheshimiwa Semboja akaja na bakuli lake kukaa karibu na mgeni. Alizungumza habari za hali ya hewa. Halafu, kwa upole uleule, akasema wanajua Topeni ni wapi, na wanajua huwa inapokea nini kila masika.

Mwinjuma alipaliwa. "Mnajua?"

"Miaka yote. Ipo idara inayopima."

"Sasa mbona hamuuzuii?"

Semboja alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ndugu mgeni, tukiuzuia, tutarejesha nini?" Akakoroga uji. "Wewe usiwe na wasiwasi na kura yako. Mchague yeyote kati yetu. Sote tunachimba. Watu wako hawatakosa."

Lilikuwa ndilo jibu alilotumwa. Zawadi itaendelea kuja. Mzee Pazi angechinja mbuzi. Ilibidi tu asimame, ataje neno moja kati ya matatu, lolote, hata kwa kubahatisha, na wajukuu zake wangekula wali maisha yao yote. Hakuna dhambi aliyoombwa. Aliombwa kuchagua tu.

Alirudi kwenye kiti cha juu. Pembeni, mlangoni, alimwona Bi Nambua, amesimama na majani kichwani, nusu yuko na nusu hayuko, kama inavyotakiwa na sheria. Hakumpungia mkono. Alikuwa anatafuna kitu, na Mwinjuma akajua ni ukoko wa ule wali.

Alikuwa ameandaa hotuba, tena ndefu, ina fisi ndani yake. Ikamkauka yote.

"Mwaka huu," alisema, "naomba msirejeshe kitu. Kilichopo kibaki kilipo."

Ukumbi ulinyamaza hata msemaji wa Msitu akaonekana mpayukaji. "Hiyo," aliuliza Mheshimiwa Semboja, "ni zamani ya lini?"

"Si zamani, mheshimiwa. Ni mwaka huu."

Mzee wa Malisho ilibidi apepewe. Kaniki aliuliza kama kutofanya kitu kuna mifano ya kihistoria. Wakatafuta, wasipate, na baadhi walilia waziwazi wakiulizana majembe yatakuwa mgeni wa nani. Lakini sheria ni sheria, na mgeni alikuwa amesema. Kabla jua halijatua walikuwa wameshaipa jina, Enzi ya Kuacha, wameshaiundia ofisi, na wameshawaajiri wang'oaji na wapandaji wote kuwa walinzi wa kuhakikisha hakuna anayeng'oa wala kupanda mteremkoni. Mlinzi wa korongo naye alihamishwa. Waliacha kwa nguvu kama walivyokuwa wanachimba kwa nguvu.

Siku ya kuagana Bi Nambua alimsindikiza mpaka langoni. Mwinjuma alikuwa ameshauza tope la kijiji kizima, akaona hana tena cha kuficha, akamwambia kuhusu kizingiti.

Bi Nambua alisimama. "Kina nyota?"

"Kina nyota. Nakikalia."

Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akasema, "Tako lako limebahatika. Kitunze. Nitakifuata, na si hicho peke yake."

Nyumbani Mwinjuma alisema tu kwamba jibu litakuja na mto. Masika yalipokuja, Topeni walitoka na watoto wao kwenda kuupokea mto. Ulifika umejaa, unang'aa. Maji yalikuwa meupe kiasi cha kuonekana kucha za mtu aliyesimama ndani yake. Yalipita siku zake, yakaondoka, yakaacha unyevu na kambale wachache wenye aibu. Tope halikuja. Wanawake walishika vichwa. Wazee walizamisha mikono mchangani wakaitoa mitupu, wakaitazama kama si yao.

Kikaitwa kikao. Mwinjuma alishangaa jinsi maneno yalivyokuja yenyewe midomoni mwa watu, watu ambao hawakuwahi kufika Marejeo. Walisema mafuriko ya jadi yameharibiwa. Walisema tope ni urithi wa babu zao na lazima lirejeshwe lilivyokuwa zamani. Ikaundwa kamati.

Mwinjuma akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akawasimulia watu wa Topeni jambo lilivyokuwa, bila kuongeza kitu. Miche inayopandwa na kung'olewa. Mwanamke kichakani asiyekuwapo. Upembe ulionyweshwa maji. Mlinzi wa korongo. Na kura, na nani aliyeipiga.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Pazi alifuta machozi akasema Mwinjuma hajambo, na kwamba ya kambale ilikuwa nzuri, lakini hii ya mlinzi wa korongo imezidi. Halafu kikao kikaendelea, na kamati ikaazimia kukusanya majembe mapya yapelekwe juu, zawadi kwa watani, ili wachimbe kwa moyo.

Majembe yalikuwa yamefungwa mafungu, yamewekwa kivukoni, waliposikia vicheko vikishuka na njia ya mto. Walikuwa wanawake wengi na wanaume kadhaa, kila mmoja na kikapu kitupu, na mbele yao Bi Nambua. Majani kichwani yalikuwa yamekwisha. Alikuwa yupo kabisa.

"Wala tope," alisema, "hamjambo?"

Utani una nguvu zake. Watu wa Topeni, pamoja na huzuni yao, walicheka kabla hawajajua wanacheka nini. Kicheko kilipokatika walimgeukia Mwinjuma, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zikabadilika. Mzee Pazi alikaa chini polepole juu ya fungu la majembe.

Bi Nambua aliuliza majembe hayo ni ya nani. Mzee Pazi alisema, kwa shida, ni yao, wa milimani, ni zawadi.

"Tunayo mengi, baba, na mwaka huu hayana kazi. Yawekeni. Mtayahitaji."

Alikwenda barazani kwa Mwinjuma, akakiinua kizingiti, akaipitishia kidole ile nyota, akampa mwenzake akibebe. Kisha akaingia katika shamba la Mwinjuma, upande wa mtoni, akapiga magoti, akaanza kuchota udongo kwa mikono na kutia kikapuni. Wenzake wakafuata.

Kijiji kizima kilisimama. Hapana baraza linalosikiliza kesi ya mtani. Hilo bibi zao waliwaachia, na hakuna aliyethubutu kulifuta. Lakini wote walimtazama Mwinjuma, maana mwenye shamba angeweza angalau kulia. Mzee Pazi alilitamka jina lake, mara moja tu.

Mwinjuma alishuka barazani. Alikwenda mpaka pale alipokuwa Bi Nambua, akainama, magoti yake yakalia, akachukua udongo aliokwisha kuuchota, akausugua kati ya vidole, akatikisa kichwa.

"Mtani," alisema, "huo wa pembeni una mchanga. Sogea huku katikati."

Akalishika sikio la pili la kikapu.